Gavana Ataondoka, Mpango Utabaki Mikononi mwa Nani?

Swali: "Daktari, nina duka la hadwea Bungoma mjini, huu mwaka wa kumi na nne. Majuzi wafanyabiashara wenzangu walinipendekeza niingie katika jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti. Kikao cha kwanza tu, mtaalamu mmoja alituonyesha picha za North Carolina kule Marekani, akasema ni wafanyabiashara waliolitoa jimbo lile kwenye umaskini kwa mpango mkakati, na kwamba nasi tutatenga eneo la viwanda nje ya mji tufanye vivyo hivyo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilirudi nyumbani na maswali. Je, ni kweli? Na mtu wa saruji na mabati kama mimi ana la maana la kusema katika mpango wa uchumi, au niko pale kujaza kiti?"

Jibu:

Dada, hilo la kujaza kiti nitalirudia, maana ndilo lililonifanya niandike kirefu hivi. Tuanze na North Carolina. Mtaalamu wenu hakuwadanganya. Alichofanya ni kuwasimulia harusi bila kuwaeleza habari za posa, wala magomvi ya mahari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, North Carolina ilikuwa miongoni mwa majimbo maskini kabisa ya Marekani ukipima kwa pato la mtu mmoja. Haikukosa viwanda. Ilikuwa navyo tele: tumbaku, nguo na samani. Tatizo ni kwamba vyote vitatu vililipa mishahara midogo, na vyote vilitegemea wingi wa mikono kuliko ujuzi. Wakati huohuo jimbo lilikuwa na vyuo vikuu vitatu vilivyokaribiana: Duke mjini Durham, Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Chapel Hill, na North Carolina State mjini Raleigh. Ukiunganisha miji hiyo mitatu kwenye ramani unapata pembetatu. Kijana akimaliza shahada ya kemia au uhandisi, kazi ya kiwango chake haikuwepo nyumbani, basi anapanda gari moshi kwenda kaskazini. Jimbo lilikuwa linasomesha watoto wake, kisha linawasindikiza stesheni.

Sasa sikiliza ni nani aliyeanza kuipigia debe hiyo pembetatu, ambayo leo ina eneo la utafiti liitwalo Research Triangle Park, lile mtaalamu wenu analolisifia. Alikuwa Romeo Guest, mkandarasi wa Greensboro. Mjenzi, mtu wa jamii ya kazi yako. Wala hakuanza kwa uzalendo: Guest alikuwa akijenga viwanda, na alitaka vije viwanda zaidi ili apate vya kujenga. Akaona vyuo vile vitatu vinaweza kuwa chambo cha kuvutia maabara za utafiti za makampuni makubwa. Akapeleka wazo lake kwa Robert Hanes, mkuu wa benki ya Wachovia, na kutoka hapo likafika kwa gavana, Luther Hodges.

Hodges mwenyewe alikuwa mtu wa viwanda. Alikulia katika mji wa viwanda vya nguo, akapanda ngazi hadi kuwa mmoja wa wakurugenzi wakuu katika kampuni ya Marshall Field, akastaafu, akafanya kazi Ujerumani Magharibi katika mpango wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya, ndipo akaingia siasa. Alikuwa naibu gavana Novemba 1954 gavana William Umstead alipofariki, akarithi kiti. Kwa hiyo ndiyo, kulikuwa na uongozi wa wafanyabiashara. Lakini wafanyabiashara ikulu tumewaona pote duniani, na wengi wao wameacha nchi zao pale walipozikuta.

Kilichonivutia mimi katika kisa hiki ni jambo ambalo watalii wa maendeleo hawalitaji. Wakati ule, katiba ya North Carolina ilimkataza gavana kugombea vipindi viwili mfululizo. Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 1977. Wala hakuwa na uwezo wa kukataa kutia saini miswada ya bunge; hilo lilipatikana mwaka 1996. Alikuwa gavana dhaifu kuliko gavana yeyote wa kaunti unayemjua wewe. Hodges alikaa miaka sita tu kwa sababu alimalizia kipindi cha marehemu kisha akachaguliwa kwa kipindi chake mwenyewe. Kila mtu aliyeketi kwenye meza ile alijua kwamba mpango ukiwekwa ndani ya ofisi ya gavana, utazikwa siku gavana anapofungasha virago. Udhaifu huo ndio uliowalazimisha kuutafutia mpango nyumba nyingine.

Mwaka 1956 wakaunda kamati ya kudumu, na cha ajabu, aliyepewa kazi ya kuiendesha hakuwa mfanyabiashara wala mwanasiasa bali mwanasosholojia wa Chapel Hill, George Simpson. Yeye akawatuma maprofesa kuzunguka nchi nzima wakibisha hodi kwenye maabara za makampuni, mkemia akizungumza na wakemia, kueleza vyuo vyetu vinajua nini na vina vifaa gani. Ni mbinu rahisi sana, na bado sijaona kaunti ikiijaribu. Sisi hutuma ujumbe wa wawakilishi wadi na makatibu wao, wanapiga picha mbele ya jengo, wanarudi na posho. Hodges naye alisafiri: mwaka 1959 aliongoza msafara wa wafanyabiashara kwenda Ulaya Magharibi kutafuta wawekezaji. Wafanyabiashara hao walijilipia safari wenyewe.

Hadi hapo mambo yanapendeza. Sasa njoo kwenye ugomvi wa mahari.

Ardhi ilihitajika. Aliyejitokeza kuigharamia ni Karl Robbins, tajiri wa New York aliyekuwa amemiliki viwanda vya nguo huko North Carolina (upo mji jimboni humo unaobeba jina lake mpaka leo). Mwaka 1957 ikaundwa kampuni ya kibiashara, Pinelands, na ekari za msitu wa misonobari katikati ya miji ile mitatu zikaanza kununuliwa kimyakimya ili bei isipande. Mpango ulikuwa kwamba Pinelands ingeuza viwanja kwa makampuni ya utafiti na wenye hisa wapate faida yao. Hesabu safi kabisa kibiashara.

Ikakwama. Robbins akawa mzito kuongeza pesa, na wenyeji wakawa wazito kununua hisa. Vyuo navyo vikawa na wasiwasi: maprofesa wetu wanazunguka nchi wakitumia jina la chuo, kumbe wanampigia soko mtu wa viwanja? Wewe uliye kwenye biashara unaelewa hisia hiyo bila kuelezwa. Mtu anakuita harambee ya maendeleo ya kijiji, unafika unakuta shamba ni lake.

Katikati ya mwaka 1958 Hodges na Hanes wakamwendea Archie Davis, naye wa Wachovia, wakamwomba awasaidie kuuza hisa za Pinelands. Davis akaitazama karatasi, akasema hapana. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba jambo lenye kusemwa ni la faida ya jimbo zima haliwezi kuuzwa kama hisa za watu wachache. Liombewe michango, nayo ardhi imilikiwe na taasisi isiyogawa faida kwa mtu yeyote. Watu wa fedha wangetarajia acheke na kuondoka. Badala yake akaingia barabarani yeye mwenyewe, mji kwa mji, akiomba. Alilenga dola milioni 1.25. Tarehe 9 Januari 1959 ikatangazwa kwamba zimepatikana dola milioni 1.425. Pesa hizo zilinunua ardhi ya Pinelands na kuikabidhi kwa wakfu mpya, zikaanzisha taasisi ya utafiti ya kujitegemea, na zikajenga jengo la kwanza, lililopewa jina la Hanes ambaye alikuwa mgonjwa na akafariki mwaka huohuo.

Nimelirefusha tukio hili kwa makusudi. Ukiniuliza uongozi wa wafanyabiashara ulikuwa wapi katika kisa cha North Carolina, sitakuonyesha Guest aliyebuni, wala Hodges aliyekata utepe. Nitakuonyesha siku mfanyabiashara alipoona faida iko mezani akaiondoa ili wengine waweze kukaa. Kabla ya siku hiyo, watu hawakuwa na sababu ya kuamini kwamba mpango ni wao. Baada yake, mwenye benki wa Winston-Salem na mwenye kiwanda cha Charlotte waliweza kuchangia mradi ulio mbali na milango yao, na gavana wa chama au kundi lolote aliyekuja baadaye hakuwa na sababu ya kuubomoa, maana haukuwa na mwenyewe wa kumkomoa.

Linganisha na kwetu. Tetesi ya mradi ikitoka leo saa nne asubuhi, saa nane mchana madalali wamejaa kwenye vichaka wakipima kwa hatua za miguu, na wiki inayofuata kila ukuta umeandikwa "Shamba hili haliuzwi". Walionunua mapema ni walewale waliokuwa kwenye kikao. Mradi ukifika, gharama ya ardhi imeshakula nusu ya bajeti, na wapinzani wa gavana wana sababu halali ya kuuua mradi mzima. Wataalamu husema mipango yetu hufa kwa kukosa fedha. Mimi nimeona mingi ikifa kwa sababu kila mtu anajua inamnufaisha nani.

Basi, pesa zikapatikana, ardhi ikawa ya wakfu. Mwujiza ukatokea? La. Mahali pakabaki patupu, au karibu patupu. Kampuni ya nyuzi za kutengenezwa, Chemstrand, ilikuja mapema, na ofisi chache za serikali, kisha kimya. Mwaka 1960, 1961, 1962, 1963, 1964: misonobari, barabara moja, madeni. Magazeti yangekuwa yetu, yangeshaandika "Mradi hewa". Januari 1965 ndipo serikali kuu ilipotangaza kwamba kituo chake cha taifa cha utafiti wa afya na mazingira kitajengwa pale, na miezi michache baadaye IBM ikatangaza ujio wake. Kuanzia hapo mlango haukufungwa tena. Leo eneo lile la ekari 7,000 hivi lina kampuni zaidi ya 300 na wafanyakazi zaidi ya 50,000.

Kituo kile cha afya hakikuanguka kutoka mbinguni. Gavana aliyemfuata Hodges, Terry Sanford, alimuunga mkono John Kennedy mapema katika kinyang'anyiro cha mwaka 1960, wakati wanasiasa wengi wa Kusini walisitasita, na Hodges mwenyewe akafanywa waziri wa biashara wa Marekani. Siasa ililipa deni lake. Siwezi kukuficha jambo hilo nikakuuzia hadithi ya sekta binafsi iliyojitegemea. Serikali kuu ya Marekani ilikuwa ikimwaga pesa za utafiti wakati wa vita baridi. Barabara kuu zikajengwa. Na jimbo lilikuwa na sheria kali dhidi ya vyama vya wafanyakazi tangu 1947, jambo ambalo makampuni yalilipenda na vibarua hawakulipenda. Wafanyabiashara hawakuutengeneza upepo huo. Walihakikisha tu kwamba ulipovuma, wao walikuwa na tanga, na tanga halikuwa limeuzwa.

Baada ya kutoka serikalini, Hodges alirudi nyumbani akawa mwenyekiti wa wakfu ule kwa mshahara wa dola moja kwa mwaka. Gavana mstaafu, waziri mstaafu, dola moja. Niachie hapo.

Kuna mguu wa pili wa mpango ambao picha za mtaalamu wenu nina hakika hazikuuonyesha, kwa sababu haupendezi kwenye picha. Maabara za watu wenye shahada za uzamivu haziajiri mtu wa kijijini aliyeishia darasa la nane. Serikali ya Hodges ilijua hilo, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaanzisha vituo vya mafunzo ya ufundi, pamoja na utaratibu wa kuifundishia kampuni mpya wafanyakazi wake kabla mashine hazijafungwa. Mwaka 1963, chini ya Sanford, vituo hivyo vikaunganishwa kuwa mfumo wa vyuo vya jamii. Sasa viko 58, vimetapakaa jimbo zima. Kama ningelazimishwa kuchagua kimoja cha kukuletea Bungoma kati ya eneo lile la utafiti na vyuo hivi, ningeleta vyuo bila kufikiri mara mbili, mradi waalimu wake watoke viwandani.

Sasa dosari, maana mpango wa mwenzako usipoujua ulipoumia utaumia palepale.

Ya kwanza ni nani hakuitwa mezani. Durham haikuwa mji wa Duke peke yake. Ilikuwa pia mji wa mtaa wa Parrish, kitovu cha biashara za Wamarekani weusi, palipokuwa na kampuni ya bima ya North Carolina Mutual, iliyoanzishwa 1898, na benki ya Mechanics and Farmers, iliyoanzishwa 1907. Kulikuwa na chuo cha weusi mjini humo humo, ambacho leo ni North Carolina Central University. Yaani mabenki, bima na chuo, ndani ya pembetatu ile. Lakini ulikuwa wakati wa ubaguzi. Pembe tatu zilizohesabiwa ni vyuo vitatu vyenye historia ya weupe, na chuo cha nne hakikuhesabiwa pembe. Ukisikia mtu anasema "sekta binafsi imewakilishwa", uliza sekta binafsi ipi. Kwenu, je, mama wa soko la Chwele ana kiti? Mwenye lori? Ama ni wakandarasi watano na mwenye hoteli wanakofanyia vikao?

Ya pili ni kwamba pembetatu ilinawiri, na jimbo lililobaki likaachwa likiegemea nguo na samani. Soko lilipofunguliwa kwa Mexico kuanzia 1994, kisha China ikaingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, viwanda vikaanguka kimoja kimoja. Julai 2003 kampuni ya taulo na mashuka ya Pillowtex ilifunga, na watu wapatao 4,800 wa North Carolina wakapoteza kazi kwa mkupuo, wengi wao mji wa Kannapolis, mji ambao kiwanda ndicho kilichouzaa. Wewe huhitaji nikueleze maana ya hayo. Umeiona Webuye baada ya kiwanda cha karatasi kufungwa 2009: nyumba za kupanga zikibaki na kufuli, na maduka yaliyokuwa yakikopesha kwa mshahara wa mwisho wa mwezi yakifunga moja baada ya jingine. Pengine wengine walikuwa wateja wako.

Ya tatu ni tamaa ya njia ya mkato. Mwaka 2004 jimbo hilohilo, lenye sifa zote hizo, liliipa kampuni ya Dell ahadi za misamaha ya kodi na ruzuku zilizopita dola milioni 200 ili ijenge kiwanda cha kompyuta za mezani Winston-Salem. Kiwanda kikafunguliwa 2005. Oktoba 2009 kampuni ikatangaza kukifunga. Watu walikuwa wameanza kununua kompyuta za kubeba. Kiwanda cha kompyuta za mezani kikawa kama kiwanda cha kaseti. Waliopona kidogo ni mji na kaunti ya pale, kwa sababu mawakili wao waliandika ndani ya mkataba kwamba kazi zisipofikia idadi fulani, pesa zinarudi. Nazo zikarudi. Kifungu kimoja tu cha mkataba.

Turudi Bungoma, na kiti chako.

Kwanza, kiti hicho si hisani ya gavana. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012, kifungu cha 137, ndiyo iliyokiweka. Gavana ni mwenyekiti, mawaziri wa kaunti wamo, na idadi ya wasio watumishi wa umma lazima ilingane na ya mawaziri hao. Jukwaa hilo ndipo mahali pa kushauriana kuhusu mipango ya kaunti na bajeti yake kabla hazijafika kwenye bunge la kaunti. Anayekuita uje kupiga makofi amekuita mahali pasipo pake.

Pili, usikubali kuanza na eneo la viwanda. North Carolina haikuanza na ardhi. Ilianza na uvujaji mmoja uliofahamika: wasomi wanaondoka. Kila kitu kingine kilifuata hapo. Bungoma inavuja nini? Mimi nikiangalia kutoka mbali naona barabara kuu ya kwenda Malaba ikipitisha malori ya nchi tatu nne yasiyosimama. Naona miwa ambayo mkulima wake anangoja malipo kuliko anavyongoja mvua. Naona mahindi yakiuzwa mabichi kwa bei ya hasara Septemba, kisha unga ukinunuliwa kwa bei ya juu Mei. Naona Chuo Kikuu cha Kibabii kikitoa mahafali wanaoishia kuuza laini za simu. Huwezi kuziba vyote kwa miaka kumi. Chagueni kimoja, viwili vikizidi sana. Mpango wenye vipaumbele ishirini na saba ni orodha ya wawakilishi wadi waliohitaji kutulizwa.

Tatu, na hapa hadwea inakupa elimu ambayo mimi mwenye shahada sina. Kaunti inakudai au wewe unaidai? Najua jibu, kwa sababu sijakutana na mwenye hadwea anayeuzia kaunti ambaye hana daftari la malimbikizo. Uliyetoa saruji mwaka juzi hujalipwa. Hivyo hujamlipa aliyekuletea. Hivyo umepunguza kijana mmoja dukani. Nayo benki inapiga simu. Zidisha hiyo kwa kila msambazaji wa kaunti. Hakuna eneo la viwanda litakalokuza uchumi kwa kasi ambayo madeni hayo yanauua. Ukisimama kwenye kikao ukasema ukurasa wa kwanza wa mpango mkakati uwe ratiba ya kulipa madeni, miezi na viwango, na kwamba bili mpya zisizidi fedha zilizopo, utakuwa umetoa hoja ya uchumi nzito kuliko mchoro wowote wa rangi. Mwekezaji wa nje hasomi vijitabu vyetu; anampigia simu mwenye hadwea kuuliza kama kaunti inalipa.

Nne, na hili litakuuma kidogo. Ukitaka hoja hiyo iwe na meno, tangaza biashara yako na kaunti siku ya kwanza, kwa maandishi: nimeuza nini, nadai nini, nimeomba zabuni gani. Mjadala wa jambo linalokugusa ukija, toka nje. Wenzako watakuona mjinga. Guest alipoanza alikuwa anatafuta vya kujenga na hakuna aliyemlaumu. Lakini wazo lake lilipata miguu pale tu mikono yenye maslahi ilipoondolewa kwenye usukani. Ukishafanya hivyo wewe, una haki ya kuwauliza wengine, akiwemo mwenyekiti.

Tano, utafutieni mpango wenu nyumba. Sheria inataka kaunti iwe na mpango jumuishi wa miaka mitano na mipango ya sekta ya miaka kumi, lakini gavana ana mihula miwili tu, na anayemfuata huwa na hamu ya kubadilisha hata rangi ya ukuta. Ningependa kuona chombo kidogo kisicho cha kibiashara, chenye watu wa Kibabii, wafanyabiashara wa pande zote mbili za siasa, mtu wa ushirika wa wakulima na mtu wa vyuo vya ufundi, kikiwa na pesa za michango yao wenyewe hata kama ni kidogo. Michango yao wenyewe, nasisitiza. Chombo kinachotegemea bajeti ya gavana kitazungumza lugha ya gavana. Kitunze takwimu, kidai ripoti kila mwaka, kiwe na kumbukumbu. Na msiogope kuvuka mpaka. Raleigh, Durham na Chapel Hill ziko kaunti tatu tofauti. Bungoma imo pamoja na Kakamega na kaunti nyingine kumi na mbili katika jumuiya ya kiuchumi ya kanda ya ziwa. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kipo hapo jirani. Watu wa Kakamega si washindani wenu. Wanauziwa unga ulioagizwa na mtu yuleyule.

Kuhusu subira, jiandae kwa miaka mitano ya kuchekwa. Huwezi kuipunguza, lakini unaweza kuiandika ndani ya mpango: mwaka wa kwanza hadi wa tano tutapima haya madogo, madeni yaliyolipwa, vijana waliofundwa na kuajiriwa, leseni zilizotolewa kwa siku ngapi. Mkiahidi ajira elfu kumi kufikia mwaka wa pili, mtakuwa mmeandika wenyewe hotuba ya mpinzani wenu.

Na lile eneo la viwanda nje ya mji, kabla ya kikao kijacho, litafutie namba za viwanja. Nenda ofisi ya ardhi, lipa ada, omba taarifa rasmi ya umiliki wa viwanja vinavyolizunguka, na tarehe vilipobadilisha mikono. Chukua nakala mbili. Ukikuta humo majina unayoyafahamu kutoka kwenye meza yenu, ujue bado mko Pinelands, na Archie Davis hajafika.